Hisa, Mkopo na Fadhila: Istilahi za Sheria katika Kutafuta Mtaji wa Kuthubutu

Mkoa wa Simiyu, ambao makao yake makuu yako Bariadi, ulianzishwa mwaka 2012. Wilaya zake ni Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Ni nchi ya pamba na ng'ombe. Pamba ikishavunwa hutaka kuchambuliwa, mbegu zake hutaka kukamuliwa mafuta, mashudu hutaka kufikishwa kwa wafugaji, na maziwa ya wafugaji hao hutaka kusindikwa. Kila hatua kati ya hizo inahitaji mashine, na mashine inahitaji mtaji ambao aghalabu mwenye wazo hanao. Hana budi kuutafuta kwa mwingine, na siku anapoupata huwekewa mbele yake karatasi atie saini.

Karatasi hiyo ndiyo inayotuhusu. Katika makala haya tunakusudia kueleza istilahi chache za sheria zinazotumika mtu anapotafuta mtaji kwa watu walio tayari kushiriki hasara pamoja naye, na kuonyesha mahali ambapo Kiswahili chetu cha kila siku kinachanganya mambo ambayo sheria imeyatenga. Jambo hili si la wataalamu wa lugha peke yao. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iliyotungwa mwaka 1961, inaeleza katika kifungu chake cha 13 kwamba watu huhesabiwa kuwa wameridhiana pale wanapokubaliana juu ya jambo lile lile kwa maana ile ile. Basi maana ya neno ni sehemu ya mkataba wenyewe. Hata hivyo, aliyetia saini asitumaini kwamba mahakama itamwokoa kila mara kwa kuwa tu hakuelewa. Mwenye kutia saini hudhaniwa kuwa amesoma na ameelewa, na mzigo wa kuthibitisha kinyume chake ni mzito.

Mfadhili, mkopeshaji na mwanahisa

Tuanze na neno lililoenea mno. Baada ya miaka mingi ya miradi ya misaada, watu wengi humwita mfadhili kila mtu aletaye fedha kutoka nje ya kijiji. Shina la neno hilo ni fadhila, yaani wema usiodai malipo. Atoaye ruzuku ya kuchimba kisima anaweza kuitwa mfadhili kwa haki. Lakini atoaye fedha ili arudishiwe pamoja na riba ni mkopeshaji, na atoaye fedha ili awe mmoja wa wenye kampuni ni mwanahisa. Wote watatu huleta fedha zenye sura moja, bali sheria huwauliza swali moja linalowatenganisha: biashara ikianguka, hasara ni ya nani?

Kwa mfadhili swali hilo halina uzito, kwani hakutazamia kulipwa. Mkopeshaji, kwa upande wake, hulipwa hata biashara ikianguka, maadamu kuna mali ya kulipia. Deni halifi kwa sababu mvua haikunyesha na pamba haikutoka. Mwanahisa ndiye asiyedai kitu mpaka wadai wote wamekwisha kulipwa. Kisipobaki kitu, fedha zake zimepotea, wala hawezi kumshtaki mwanzilishi kwa ajili ya hasara hiyo tupu, isipokuwa pamekuwa na udanganyifu au uvunjaji wa mkataba. Kwa kubeba hatari hiyo hupata mambo mawili ambayo mkopeshaji hana: fungu la faida lisilo na kikomo, na kura.

Neno uwekezaji, ambalo siku hizi limekuwa kipenzi cha mikutano ya hadhara, halisaidii hapa, kwa sababu huwafunika mkopeshaji na mwanahisa kwa blanketi moja. Mtu akikwambia kwamba anataka kuwekeza katika kinu chako cha mafuta, bado hujaambiwa lolote la kisheria.

Hisa tatu zenye jina moja

Neno hisa lenyewe lina historia yake huku Usukumani. Mkulima wa pamba alilijua kwanza katika ushirika. Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria lilianzishwa mwaka 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani, nalo lilifika mahali pa kushughulikia pamba ya Kanda ya Ziwa na kumiliki viwanda vya kuichambua. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Leo vyama vya msingi, ambavyo watu huviita AMCOS, vinaongozwa na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Katika chama cha ushirika mwanachama mmoja ana kura moja, awe na hisa 5 au 500. Hisa ni alama ya uanachama, na haimpi mtu nguvu ya kuwatawala wenzake.

Mahali pa pili ni vikundi vya kuweka na kukopa. Wanakikundi hununua hisa kila wiki, hukopeshana fedha hizo, na mwisho wa mzunguko hugawana zote pamoja na faida. Hisa ya namna hii kwa hakika ni akiba: ilitoka mfukoni ikiwa na ahadi ya kurudi.

Mahali pa tatu ni kampuni. Hisa ya kampuni kwa kawaida hubeba kura yake yenyewe, hivyo mwenye hisa nyingi ana sauti kubwa. Tena fedha iliyonunua hisa haina siku ya kurudi. Imekwisha kuwa mali ya kampuni, na mwenye hisa akitaka kutoka hana budi kumpata mtu wa kuinunua.

Mtu aliyezoea hisa ya kwanza na ya pili anapoambiwa kwamba mgeni atapata "hisa kidogo tu", yamkini ataelewa kwamba mgeni atakuwa na kura moja kama wengine, na kwamba mwakani atachukua chake na kuondoka. Amekubali neno lile lile kwa maana nyingine. Tunapendekeza kwamba katika maandishi ya sheria isiandikwe hisa peke yake mahali ambapo msomaji anaweza kupotea, bali iandikwe hisa ya kampuni, hisa ya ushirika au hisa ya akiba. Ikumbukwe pia kwamba kikundi kilichosajiliwa halmashauri ili kipate mkopo usio na riba, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, hakijawa kampuni kwa usajili huo. Hakina hisa za kampuni za kumpa mtu yeyote. Kikitaka kuzitoa hakina budi kwanza kusajili kampuni kwa Msajili wa Makampuni.

Jina la mtaji wenyewe

Mtaji tunaouzungumzia hutolewa kwa biashara changa isiyo na mali ya kuweka rehani, na hulipwa kwa hisa. Mfano wake maarufu ni wa Marekani mwaka 1957, wakati kampuni iitwayo American Research and Development ilipotoa dola 70,000 kwa wahandisi waliokuwa wakianzisha kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment, nayo ikapata sehemu kubwa ya hisa zake. Hapa Tanzania mfuko ulioitwa Tanzania Venture Capital Fund ulifanya kazi katika miaka ya 1990. Msomaji ataona kwamba jambo liliingia nchini likiwa na jina lake la kigeni.

Majina kadhaa ya Kiswahili yanaweza kufikiriwa. Mtaji wa hatari linatisha, na mtu anaweza kudhani kwamba mtaji wenyewe ndio hatari. Mtaji wa kubahatisha linanuka kamari. Mtaji wa ubia linapendeza, lakini sheria imekwisha kulichukua neno ubia: wabia wa biashara isiyo kampuni huwajibika kwa madeni yote ya biashara hiyo hata kwa mali zao za nyumbani, ilhali mwenye hisa za kampuni yenye ukomo wa dhima hapotezi zaidi ya thamani ya hisa zake. Katika fikihi ya Kiislamu upo mkataba wa mudharaba, ambamo mmoja hutoa mali na mwingine hutoa kazi, faida hugawanywa kwa kadiri waliyopatana, na hasara ya mali humwangukia mwenye mali. Dhana hiyo i karibu sana na yetu, ila mudharaba ina masharti yake ya dini, na si halali kuliazima jina bila ya masharti.

Sisi twapendelea mtaji wa kuthubutu. Kuthubutu ni kutenda jambo huku ukijua kwamba huenda lisifanikiwe, nako ni kwa pande zote mbili: mwenye fedha na mwenye kazi. Jina hili pia linaafikiana na neno mjasiriamali, lililoundwa kwa jasiri na mali, ingawa matumizi ya leo yamelishusha hadi kumwita hivyo kila mchuuzi.

Kuzimua hisa

Tuchukue mfano wa kubuni. Ndugu wawili wa Bariadi wana kampuni ya kukamua mafuta ya mbegu za pamba. Hisa zake ni 1,000: mkubwa ana 600 na mdogo ana 400. Anakuja mtoa mtaji na shilingi milioni 100, naye anapewa hisa mpya 500. Sasa hisa zote ni 1,500. Mkubwa bado ana hisa zake 600, lakini fungu lake limetoka asilimia 60 likawa 40. Mdogo ana karibu asilimia 27, na mtoa mtaji ana theluthi moja. Baada ya miaka miwili anakuja wa pili, naye anapewa hisa mpya 500. Jumla ni 2,000, na ndugu wale wawili kwa pamoja wana nusu kamili. Hakuna aliyewanyang'anya hata hisa moja, lakini hawawezi tena kupitisha jambo kwa kura zao peke yao.

Tendo hili linahitaji jina. Kupunguza hisa si sahihi, kwa kuwa idadi haikupungua. Kiswahili kina kitenzi kuzimua, yaani kutia maji katika kitu kikali ili nguvu yake ipungue. Maziwa yaliyozimuliwa hayakupungua katika kibuyu. Utamu ndio uliopungua. Tunapendekeza basi kuzimua hisa na uzimuaji wa hisa. Na haki ambayo mwenye hisa wa zamani hutakiwa kuidai katika katiba ya kampuni, kwamba hisa mpya aanze kuuziwa yeye kabla ya mgeni, iitwe haki ya kuanza kununua.

Hesabu nyingine isisahaulike. Katika Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, iliyoanza kutumika mwaka 2006, azimio maalumu hupita kwa robo tatu ya kura, nalo huhitajika katika mambo mazito kama kubadili katiba ya kampuni. Mwenye kura zaidi ya robo anaweza kulizuia. Mtoa mtaji wa kwanza katika mfano wetu alikuwa na theluthi, hivyo tangu siku ile ndugu wale hawakuweza kubadili katiba pasipo ridhaa yake, ingawa walijiona kuwa bado ni wengi.

Hisa tangulizi na mkopo geuzi

Ziko hisa ambazo mwenye nazo hutangulia kulipwa. Wengine huziita hisa za upendeleo, jina linaloleta fikra ya dhuluma. Twaona hisa tangulizi ni jina bora. Tuseme mtoa mtaji wa kwanza alipata hisa za namna hiyo, zenye sharti kwamba kampuni ikiuzwa atarudishiwa kwanza milioni 100 zake. Kabla ya mtaji wa pili kuingia, kampuni inauzwa kwa shilingi milioni 120, na haina deni. Mwenye hisa tangulizi anachukua milioni 100. Ndugu wale, wenye theluthi mbili za hisa, wanagawana milioni 20. Lau hisa zote zingekuwa za kawaida, wangepata milioni 80. Tofauti ya milioni 60 imeletwa na kivumishi kimoja.

Mkopo geuzi nao huanza kama deni, kisha hugeuka hisa jambo fulani likitokea, kwa mfano mtaji mpya ukiingia. Kabla ya kugeuka mwenye nao ni mkopeshaji, na baada yake ni mwanahisa. Mkataba hauna budi kutaja ni lini unageuka, kwa bei gani, na nini kitafuata usipogeuka kamwe. Pasipo jibu la swali hilo la mwisho, aliyedhani kwamba amepata mshirika atajikuta ana mdai.

Dhamana na mizigo yake

Hakuna neno lililobebeshwa mizigo mingi kama dhamana. Mshtakiwa hutoka rumande kwa dhamana. Benki hutaka dhamana ya nyumba. Jirani husimama kuwa mdhamini. Kiongozi hupewa dhamana na wananchi. Nayo mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994 kusimamia hisa na hatifungani inaitwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, ambako dhamana ni hati zenyewe zinazouzwa na kununuliwa.

Jina la mamlaka hatuwezi kulibadili, wala hatutaki. Lakini katika mkataba wa mtaji tofauti zake lazima zionekane. Mali iliyofungwa kwa ajili ya deni iitwe rehani. Ahadi ya mtu kulipa deni la mwingine iitwe udhamini. Hati za hisa na za mikopo ziitwe hati za mtaji. Mwanzilishi akisoma kwamba atatoa dhamana binafsi, ajue kwamba huo ni udhamini, na kwamba ukuta uliotenga mali ya kampuni na mali ya nyumbani kwake umetobolewa kwa mkono wake mwenyewe. Mtoa mtaji wa kuthubutu wa kweli hana sababu ya kudai udhamini huo ili kurudisha fedha za hisa zake. Akiudai, kuna haja ya kuuliza kama huu si mkopo uliovaa joho la hisa. Rehani juu ya mali ya kampuni, kwa upande wake, hutakiwa kusajiliwa kwa Msajili wa Makampuni katika muda wa siku 42. Isiposajiliwa, haina nguvu juu ya mfilisi na wadai wengine.

Mipaka ya sheria

Iko mipaka minne ambayo mtafuta mtaji hukutana nayo. Kwanza, kampuni binafsi haitakiwi kuwa na wanahisa zaidi ya 50, wafanyakazi wake wasihesabiwe, wala kuwaalika watu wote kununua hisa zake. Kwa hiyo kusimama mnadani, au kutangaza redioni kwamba hisa zinauzwa, ni jambo la kampuni ya umma na waraka wake wa matarajio, chini ya uangalizi wa mamlaka tuliyoitaja.

Pili ni ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kampuni ambayo wenye hisa zake nyingi si raia huhesabiwa kuwa si raia, na kwa jumla haiwezi kupewa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa. Uzimuaji wa hisa unaweza, basi, kuibadili kampuni ya Bariadi uraia wake pasipo mtu kuhama, na kiwanja cha kinu kikawa swali la sheria.

Tatu, tangu mabadiliko ya mwaka 2020, kampuni hutakiwa kumwandikisha mmiliki manufaa, yaani binadamu halisi anayefaidi au kuitawala hata kama jina lililo kwenye hisa ni la mwingine. Istilahi hii imekwisha kuzoeleka, na inafaa kushikwa. Nne, hati inayotakiwa kulipiwa ushuru wa stempu haipokelewi mahakamani kuwa ushahidi mpaka ushuru huo ulipwe.

Mapendekezo

Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama zetu, ingawa Kiingereza kimeachiwa nafasi pale haki inapokihitaji. Mabadiliko hayo hayawalazimishi watu wawili kuandika mkataba wao wa faragha kwa Kiswahili. Lakini mgogoro wao ukifika mahakamani utajadiliwa kwa maneno ya Kiswahili, na heri maneno hayo yawe yamekwisha kupimwa kabla ya ugomvi. Kwa ajili hiyo tunaleta orodha hii ili wasomaji waijadili:

Mtaji wa kuthubutu: fedha zinazotolewa kwa biashara changa ili kupata hisa, mtoaji akikubali kwamba huenda zikapotea.

Hisa ya kampuni: fungu la umiliki wa kampuni, ambalo kwa kawaida hubeba kura na haki ya gawio.

Hisa tangulizi: hisa ambayo mwenye nayo hulipwa kabla ya wenye hisa za kawaida.

Mkopo geuzi: deni linaloweza kugeuka hisa kwa masharti yaliyoandikwa.

Uzimuaji wa hisa: kupungua kwa fungu la mwanahisa kunakotokana na hisa mpya kutolewa kwa wengine.

Haki ya kuanza kununua: haki ya mwanahisa kuuziwa hisa kabla ya mtu wa nje.

Rehani: mali iliyofungwa kwa ajili ya deni.

Udhamini: ahadi ya mtu kulipa deni la mwingine asipolipa.

Hati za mtaji: hati za hisa na za mikopo zinazoweza kuuzwa na kununuliwa.

Orodha hii ni fupi, na baadhi ya maneno huenda yakashindwa sokoni, kwani soko nalo ni baraza la lugha. Tunawaomba maofisa ushirika, mawakili na makarani wa halmashauri walioko Bariadi, Maswa na kwingineko watuletee maneno wanayoyasikia vinywani mwa wakulima na wenye vinu wanapozungumza juu ya mambo haya, hasa pale ambapo pande mbili zilitumia neno moja kisha zikagombana. Na kabla orodha iliyokamilika haijapatikana, mwenye kuwekewa karatasi mbele yake aulize swali lile la kwanza, kwa Kiswahili, na adai jibu lake liandikwe: biashara ikianguka, hasara ni ya nani?